Zabibu Zinachumwa Mapema Ufaransa, na Sie Tuandike Tarehe za Karafuu Zetu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, Mheshimiwa Sheha na walimu wa skuli mliotupa ukumbi huu, wenye mashamba, wachumaji, wapimaji, na nyie vijana mliojazana pale madirishani, ahsanteni sana kwa kuja na jua hili la saa nane. (Haya ndo niliyoyasema pale Wete, Pemba, watu wakaomba niyaandike ili waliokosa wayapate, nimeongeza kidogo tu pale ambapo muda ulinibana.)

Najua tangazo lilipopita kwenye grupu wengi mliuliza, zabibu za Ufaransa zinatuhusu nini sie watu wa karafuu. Najibu kwanza halafu ndo nieleze. Kule Ulaya zabibu zinaiva mapema kuliko zilivyokuwa zikiiva wakati wa mababu zao, na hilo hawalisemi kwa kukisia, wanalijua kwa tarehe, kwa zaidi ya miaka mia sita, kwa sababu walikuwepo watu walioandika. Sie mkarafuu tunao kwa miaka kama mia mbili sasa na kila anaekaa barzani anasema misimu imegeuka, lakini ukiuliza imegeuka kwa siku ngapi, toka mwaka gani, shamba gani, hapana anaejibu. Nataka tuanze kuandika. Hilo ndo lililonileta, mengine yote ni kueleza kwa nini.

Zabibu yenyewe hapana asieijua hapa. Kavu ndo hizo tunazotia kwenye tambi za Idd, na mbichi zipo za Dodoma, ambako kwa kuwa hapana baridi kali ya kuulaza mti basi mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka. Ulaya sio hivo. Ulaya mzabibu unalala, unapukutisha majani yote, ukiuona mwezi wa kwanza utasema kigogo kimekufa, halafu mwezi wa nne unachipua, mwezi wa sita unatoa maua madogo ambayo hata huyaoni vizuri, na matunda yanachumwa mara moja tu, zamani ilikuwa mwisho wa mwezi wa tisa au unaingia wa kumi. Wakulima wa kule wana hesabu yao ya kizamani kwamba ukishaona maua hesabu siku mia ndo uingie shamba na mkasi. Na zabibu zao nyingi zinakamuliwa kwa ajili ya mvinyo. Hilo naliweka wazi mapema, ulevi kwetu ni haramu na mie sikuja kuusifia, lakini zabibu kama tunda limetajwa ndani ya Qur'ani pamoja na mtende, na elimu ya mkulima ya kuuangalia mti wake na kuiangalia mbingu ni elimu, tunaichukua, mvinyo wao tunawaachia.

Basi twende Chablis. Ni mji mdogo kaskazini mwa mkoa wa Burgundy huko Ufaransa, na kwa mvinyo wao wa Chablis wanatumia zabibu ya aina moja tu, inaitwa Chardonnay, nyeupe, na mvinyo wake mweupe. Ardhi yao ni ya chokaa, ukivunja jiwe unakuta ndani magamba madogo ya chaza waliokufa zama ambazo sehemu ile yote ilikuwa chini ya bahari. Mkulima wa pale kazi yake ngumu kuliko zote kwa mwaka mzima ni kuamua siku ya kuchuma. Na zabibu nyeupe ndo inayotaka umakini zaidi, hapa naomba tukae kidogo mana ndo penye kiini cha jambo.

Zabibu inapoanza kulainika kuna vitu viwili vinakwenda ndani yake kwa pamoja. Sukari inapanda, na ugwadu unashuka. Sukari inatoka kwenye majani, jua likipiga vizuri inapanda. Ugwadu unatoka kwenye asidi, na kuna moja inaitwa asidi ya maliki, ndo hio hio inayolipa tufaha ugwadu wake, na hii zabibu yenyewe inaichoma ndani kwa ndani wakati inapumua, na kadiri joto linavyozidi ndo inavyoichoma haraka, hasa kama na usiku nao una joto. Sasa mvinyo mwekundu unakaa na maganda yake, una ukakasi wa kuushika. Mweupe zabibu zinakamuliwa na maganda yanatupwa, umebaki na maji ya tunda tu, ugwadu ukiondoka hakuna kilichobaki cha kuushika. Kwa hio yule mkulima sukari inamwambia subiri, ugwadu unamwambia ingia leo. Mwaka wa baridi vitu hivi vinakwenda polepole, ana nafasi ya kuonja, kurudi, kuonja tena. Mwaka wa joto ile nafasi inabanwa inakuwa siku chache, na akikosea hana pa kurudi.

Na kuna jambo jengine ndani ya hilo ambalo watu hulipita. Mavuno yakija mapema sio kwamba ni kazi ile ile imesogezwa mbele kwenye kalenda. Zamani tunda lilikuwa linamalizia kuiva mwezi wa tisa mwishoni, usiku umeshakuwa wa baridi, jua limeshalegea. Sasa linamalizia kuiva mwezi wa nane, katikati ya joto. Yaani tunda ni lile lile, shamba ni lile lile, lakini hali ya hewa ya siku zake za mwisho sio ile, na siku za mwisho ndo zinazoamua. Joto linaivisha mapema, na kuiva mapema kunalipeleka tunda kwenye joto zaidi. Ndo mana nasema jambo hili ni zito kuliko linavosikika ukiambiwa tu "mwaka huu wamechuma mapema".

Huko Champagne, mkoa mwengine wa Ufaransa unaosifika kwa mvinyo mweupe wa povu, miaka ya 2003, 2007, 2011, 2018, 2020 na 2022 walianza kuchuma mwezi wa nane. Huo mwaka 2003 ndo ule wa joto lililouwa makumi ya maelfu ya watu Ulaya. Champagne sheria yao ni kuchuma kwa mkono, mashine haziruhusiwi, kwa hio kila msimu wanahitaji wachumaji zaidi ya laki moja, na wote inabidi wafike kwa tarehe iliyotangazwa. Sasa tarehe ikiruka wiki mbili mbele wachumaji unawapata wapi, wengine wapo likizo, wengine bado wana kazi sehemu nyengine. Na joto lenyewe lina watu wake. Mwezi wa tisa 2023 wachumaji kadhaa walifariki kule wakati wa siku za joto kali. Mie habari ile niliisoma mara mbili, kwa sababu sie hapa tunajua maana ya mtu kutoka nyumbani kwenda kuchuma na asirudi, kila msimu tunawaombea dua watu wetu walioanguka juu ya mkarafuu.

Spain kuna sehemu inaitwa Rueda, zabibu yao nyeupe ni Verdejo, na wao wanachuma usiku. Mashine zinawashwa taa, zinapita mashambani usiku wa manane, ili zabibu zifike kwenye kinu zikiwa bado baridi na zisibadilike rangi wala harufu. Usiku kwao umegeuka mchana.

Haya, sasa nije kwenye kuandika, mana ndo ninapopataka.

Kuna mji unaitwa Beaune, huko huko Burgundy. Zabibu nyingi za pale pale mjini ni nyekundu, nisiwadanganye, lakini ni mkoa mmoja na Chablis, na majirani zao upande wa kusini wanalima Chardonnay nyeupe kwa wingi, joto linalowapiga ni moja. Mwaka 2019 kundi la wataalamu wakiongozwa na mwanahistoria Thomas Labbé walitoa tarehe za kuanza mavuno pale Beaune kuanzia mwaka 1354 mpaka 2018. Hesabuni wenyewe. 1354! Ibn Battuta, aliepita pwani yetu hii akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, alikuwa ndo kwanza amemaliza safari zake amerudi kwao Morocco.

Tarehe hizo walizipata wapi? Hapa ndo naomba kila mwenye shamba anisikilize kwa masikio mawili. Hapakuwa na mtu mwaka 1354 alokaa akasema naandika habari za hali ya hewa kwa ajili ya wajukuu. Lilikuwepo kanisa la Notre-Dame ambalo lilikuwa likiwalipa wachumaji wa zabibu, na malipo yakiandikwa, leo kimetoka kiasi hiki kwa wachumaji, basi. Likawepo baraza la mji, kwa sababu kule ilikuwa hapana ruhusa mtu kuingia shamba kuchuma mpaka wakubwa wa mji wakae, waangalie, watangaze siku, ili watu wasichume mbichi na wasiibiane, na kikao kile kikiandikwa. Halafu toka karne ya 19 yakaja magazeti. Basi vitabu vya malipo na vikao, vitu vya kuondoa ugomvi baina ya tajiri na kibarua, ndo vilivyokuja kuwa rikodi ya joto la dunia. Mwenye kuandika alikuwa anataka hesabu ya pesa ikae sawa.

Na si mara ya kwanza watu kuliona hilo. Miaka ya 1880 Mfaransa mmoja Alfred Angot alizikusanya tarehe za mavuno kutoka sehemu nyingi za nchi yao, na karne ya 20 mwanahistoria Emmanuel Le Roy Ladurie akazitumia kusoma historia ya baridi na joto. Yaani vile vitabu vilikuwa vinasubiri tu mtu wa kuvifungua.

Na walipovifungua vya Beaune wakaona nini. Toka 1354 mpaka 1987 kwa wastani watu walianza kuchuma tarehe 28 Septemba. Toka 1988 kuja huku wanaanza kwa wastani siku 13 kabla ya hapo. Miaka ya joto ya kuchuma mapema ilikuwepo na zamani, msije mkaambiwa haikuwepo, lakini ilikuwa inatokea mmoja mmoja, unapita watu wanausimulia. Sasa ule uliokuwa wa kusimuliwa ndo umekuwa wa kawaida.

Kuna na kazi nyengine ya 2016, ya Benjamin Cook na Elizabeth Wolkovich, walichukua tarehe za mavuno za Ufaransa na Uswisi toka mwaka 1600, wakauliza, hivi zamani mwaka wa kuvuna mapema ulikuwa unaletwa na nini? Jibu likawa joto na ukame kwa pamoja. Ardhi ikiwa na maji, jua linatumia nguvu zake kuyakausha yale maji na hewa inapoa kidogo, ardhi ikikauka joto lote linarudi hewani. Kwa hio bila ya ukame joto halikuwa likifika pale pa kuivisha zabibu mapema sana. Lakini toka kiasi cha 1981 uhusiano huo umelegea, zabibu zinaiva mapema hata mwaka ambao mvua zilikuwa nzuri, mana joto lenyewe limepanda hata halihitaji tena msaada wa ukame. Angalieni kitu hicho kimejulikanaje. Kwa tarehe! Siku, mwezi, mwaka, na mtu alielipwa.

Wapo watakaosema basi si heri, mavuno mapema ni pesa mapema. Waulizeni watu wa Chablis mwezi wa nne 2021. Machi ilikuwa ya joto, mizabibu ikadanganyika ikachipua, halafu ikashuka baridi ya usiku ya chini ya sifuri juu ya machipukizi machanga kabisa. Watu walikesha mashambani wamewasha mishumaa mikubwa maelfu kwa maelfu baina ya mistari ya mizabibu, wengine wakiirushia maji ili maji yagande juu ya chipukizi, lile barafu likifunika ndo chipukizi lisife, na pamoja na yote hayo mavuno mengi yalipotea mwaka ule Ufaransa nzima. Kwa hio joto halikuja peke yake, limewavurugia mpango wote. Na Ujerumani walikuwa na mvinyo wao mweupe mtamu ambao lazima zabibu zigande mtini, isipungue nyuzi saba chini ya sifuri, ndo zichumwe. Kwa msimu wa 2019 mvinyo huo haukupatikana hata kwenye mkoa mmoja katika mikoa yao yote ya mizabibu, kipupwe chao hakikushuka hata kugandisha zabibu. Mara ya kwanza kutokea. Na wanajua ni mara ya kwanza kwa sababu wameandika.

Sasa Pemba.

Mkarafuu nao unataka siku yake, hilo nyie mnalijua kuliko mie. Tunachuma kabla ua halijafunguka, kichwa bado kimefumba, rangi imetoka kwenye kijani inaingia wekundu. Ukiwahi mno karafuu haina uzito wala mafuta, ukichelewa ua limefunguka, thamani imeshuka, ukizidi kuchelewa una mpeta, yaani tunda lililokomaa. Halafu kuna kuanika, jamvi na jua, na mvua ikikukuta katikati karafuu zinabadilika rangi zinaota ukungu na daraja la kwanza umelikosa, msimu mzima umefanya kazi halafu siku mbili za mvua zikala faida yote. Mkulima wa Chablis akija hapa Wete ukimwonesha hayo hahitaji mkalimani. Sote wawili riziki yetu imekaa kwenye nafasi ndogo ya siku chache, na nafasi hio inaamuliwa na hewa.

Na hewa ndo tunayoilalamikia. Kila mzee nilieongea nae, Ole, Mtambile, Konde, ananambia vuli haiji kama ilivyokuwa ikija, mara inawahi mara inachelewa, karafuu zinakuja vipande vipande, shamba moja mara mbili mara tatu unarudi. Mie nawaamini. Lakini akija mtu wa mradi, au mtu wa serikali, au mtoto wetu mwenyewe anaesoma SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, anaandika utafiti wake, akasema nioneshe, tunamuonesha nini? Tunamwambia "zamani". Zamani sio tarehe.

Tunavyo vilivyoandikwa, sisemi hatuna. Kimbunga cha 1872 tunakijua, kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na toka hapo karafuu nyingi za visiwa hivi zinatoka kwetu. Tunakijua kwa kuwa wapo walioandika. Ushuru uliandikwa, frasila zilizopakiwa kwenye vyombo ziliandikwa, na makaratasi mengi yapo mpaka leo Nyaraka, Unguja, pale Kilimani. Lakini frasila iliyopimwa bandarini haikwambii mchumaji alipanda mti siku gani, mana karafuu kavu inaweza kukaa ghalani miezi.

Wenye tarehe ya kweli ni nyie. Kila mwenye shamba hapa ana daftari, au alikuwa nalo baba yake, la wachumaji. Fulani pishi kumi na mbili, fulani pishi tisa, jumla kiasi kadhaa, amelipwa. Lile daftari ndo kitabu cha kanisa la Beaune! Tofauti ni kwamba wao walikiweka, sie msimu ukimalizika watoto wanafungia njugu. Nalisema hili kwa uchungu kwa kweli. Ndani ya daftari lile mna siku ya mwanzo wa kuchuma, mna siku ambazo hapakuchumwa kwa mvua, mna wingi, mna majina ya watu waliofanya kazi, na tunalitoa kwa ajili ya njugu.

Kuna mtego mmoja wa tarehe lazima niutaje. Wengi wetu tukikumbuka msimu tunakumbuka kwa miezi ya Kiislamu, tunasema mwaka ule tulichuma kabla ya Ramadhani. Ni kumbukumbu nzuri kwa ibada, lakini mwaka wa Hijria unarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka ukilinganisha na jua, na kwa miaka kama 33 unazunguka wote, kwa hio kama hujataja ni mwaka gani, ile "kabla ya Ramadhani" inaweza kuwa kaskazi au kusi. Wazee wetu walilijua hili kabla yetu, ndo mana kwa kilimo na bahari walikuwa na hesabu nyengine, hesabu ya Nairuzi, Siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi wanaisherehekea mpaka leo mwezi wa saba. Walihesabu siku kumi kumi, kila kumi ni mwongo, miongo 36 na siku tano za mwisho, wakajua mwongo gani mvua gani, upepo gani, kitu gani kipandwe. Nyie wazee mnaoijua hesabu hio bado, naomba sana muwafundishe vijana, ni elimu kubwa na ni yetu. Ila na yenyewe kwa kuwa haina siku ya ziada kila mwaka wa nne inateleza siku moja kila miaka minne, miaka mia imeteleza siku kama 25. Kwa hio andika mwongo, andika Hijria ukitaka, lakini pembeni weka na tarehe ya kalenda ya ukutani, siku, mwezi na mwaka, ili mtu wa miaka mia ijayo asipate taabu.

Na andikeni miaka yote, mwaka mkubwa na mwaka mdogo. Mkarafuu una tabia yake, msimu mmoja unabeba hata matawi yanainama halafu unapumzika, kwa hio mwaka mmoja haukwambii kitu, miwili haikwambii kitu. Watu wa hali ya hewa wenyewe wakitaka kusema kawaida ya sehemu ni ipi wanachukua miaka 30.

Hapo mzee mmoja alisimama akasema, mwanangu mie nimeshapita sabini, miaka 30 hio unaniwekea ya nini. Swali la haki kabisa. Nikamwambia mzee wangu, wewe huanzi leo, wewe unayo miaka 50 kichwani na pengine 20 kwenye makaratasi chini ya kitanda, kijana wa leo anaanza na sifuri, wewe ndo unaempa mwanzo. Akanambia risiti za kuuzia karafuu anazo toka zamani. Risiti nazo tunazitaka, zina tarehe. Haikwambii siku ya kuchuma lakini inakwambia kufikia siku ile karafuu zilikuwa zimeshakauka, na kukausha tunajua kunachukua siku ngapi jua likiwepo, kwa hio unarudi nyuma unakaribia.

Mama mmoja nae akasema jambo ambalo mie sikuwa nimelipanga kwenye hotuba na naliona ndo bora kuliko yangu. Alisema wanaume wanajua siku waliyopanda miti, lakini sie tunaochambua usiku, tunaotenga karafuu na makonyo, tunajua usiku wa kwanza hadi wa mwisho, mana karafuu mbichi hailazwi ikaoza, ikichumwa leo inachambuliwa leo. Tena sie ndo tunaoanika, tunajua siku ipi jamvi lilikunjwa kwa mvua. Basi daftari likae kwa mama wa nyumba. Ukumbi mzima ulikubali na mie nimekubali, na naomba hata wale ambao hawakuwepo wafanye hivo hivo.

Cha kuandika sio kingi. Jina la shamba na shehia. Siku vichwa vya karafuu vilipoanza kuonekana mtini. Siku ya kwanza ya kuchuma na siku ya mwisho, na kama mmerudi mara ya pili basi na hio. Pishi za kila siku, ambazo mnaziandika hata hivo kwa ajili ya malipo. Siku mvua ilipozuia kuchuma au kuanika. Siku vuli ilipoanza kunyesha kweli, sio manyunyu. Mwenye simu apige picha ya ukurasa kila Ijumaa na aitume kwenye grupu la shehia, kwa sababu daftari linaweza kuloa na simu inaweza kuibiwa lakini vyote viwili kwa siku moja ni vigumu. Msiandike kitu cha kukisia, kama siku hukuiona iacheni wazi.

Msimu huu tunaanza na shehia hii na jirani zetu waliokubali leo. Madaftari yapo kwa mwalimu wa jografia, anaetaka achukue moja akitoka, ni bure. Na wenye madaftari ya baba zao au risiti za zamani waje nazo hapa hapa skuli Ijumaa ijayo baada ya laasiri, zitapigwa picha mezani mbele ya macho yao na kila mtu ataondoka na karatasi zake mkononi.